Programu Yako Imejaribiwa. Je, Iko Tayari Kutoka?

Siku hizi si ajabu kukuta vijana wanne au watano wamejifungia chumbani na kompyuta moja, wanatengeneza programu ya simu. Mmoja anajua kuprogramu, mwingine anachora vizuri, wa tatu ana maneno mengi na ndiye anayeitangaza mtaani. Wengi wanaifikisha hadi kwenye majaribio. Wakishafika hapo wanapumua, wanasema kazi imekwisha.

Kumbe bado! Makala hii inahusu kipande hicho cha mwisho: kutoka kwenye toleo la majaribio, ambalo wataalamu huliita beta, mpaka kupata ruhusa ya kuiweka programu dukani ili mtu yeyote aipakue. Tutatumia mfano wa programu ya afya, kwa sababu huko kosa dogo halimuudhi mtu tu. Linaweza kumuumiza.

Hebu tuseme wewe na wenzako mmetengeneza programu ya kumkumbusha mtu kumeza dawa. Inaweza kuwa ARV, dawa za TB, au dawa za kifafa. Mtu anaandika jina la dawa, anaweka saa, simu inalia. Kitu rahisi, au siyo? Twende taratibu.

Majaribio ni ya nini hasa?

Mkishamaliza kutengeneza, ninyi wenyewe mnaijaribu kwanza. Ni lazima, lakini haitoshi. Ninyi mnajua pa kubonyeza na pa kutobonyeza. Mpishi aliyeshinda jikoni kutwa hajui tena kama chumvi imezidi, mpaka mtu mwingine aje kuonja.

Ndiyo maana mnawapa watu wengine toleo la majaribio. Wanaitumia kwenye simu zao wenyewe, zikiwemo za bei poa, zenye kioo kilichopasuka, zilizojaa picha na nyimbo. Wanaitumia nyumbani kwao, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, na bando likiisha limeisha.

Haya ni baadhi ya mambo ambayo majaribio yanaweza kuyafichua kwenye programu kama yenu:

1. Saa. Mtu wetu akisema "saa 2 usiku" anamaanisha wakati wa taarifa ya habari. Lakini simu nyingi zinahesabu saa za Kizungu. Akiandika 2 na kuchagua usiku, simu italia saa 8 za usiku wa manane, naye amelala fofofo. Dawa imechelewa kwa saa 6 na wala hajui.

2. Kioo cha simu. Simu iko mezani sebuleni. Wakati umefika, kioo kinawaka: "Muda wa kumeza ARV." Mjomba kasoma, shangazi kasoma, na mgeni naye kasoma. Programu haikuharibika, imefanya kazi yake sawasawa! Lakini siri ya mtu imeanikwa kama nguo kwenye kamba. Dawa yake ni kumwachia mwenye simu achague maneno yake mwenyewe, kwa mfano "Kunywa maji".

3. Betri. Tangu toleo la 6 la mwaka 2015, Android ina utaratibu wa kuzilaza programu simu ikiwa imetulia, ili kutunza chaji. Watengenezaji wa simu nao wanaongeza masharti yao. Kisha tangu Android 12 ya mwaka 2021, programu inayotaka kulia kwa dakika kamili inahitaji ruhusa maalumu. Matokeo yake, kwenye simu yako inalia vizuri, kwenye simu ya jirani iko kimya kama maji ya mtungini.

4. Simu ya familia. Kuna nyumba ambako simu moja inatumiwa na mama, kaka na dada. Je, programu ina neno la siri? Kaka akiifungua ataona nini?

5. Maneno yenu. Programu inaandika kwa herufi nyekundu: "Umekosa dozi! Meza sasa!" Mtu anaogopa, anameza mbili kwa pamoja. Kila dawa ina maelekezo yake kuhusu dozi iliyosahaulika, na wa kuyatoa ni muuguzi, mfamasia au daktari. Kazi ya programu ni kumwelekeza mtu kwao. Isijifanye wao.

Umeona? Katika hayo matano, ni la betri tu ambalo ni la kiufundi zaidi. Mengine yanahusu maisha ya watu, na huwezi kuyaona ukiwa umekaa mbele ya kompyuta yako.

Mjaribu naye ni binadamu

Anayekujaribia programu anakupa muda wake, simu yake na siri zake. Mheshimu. Mambo ya kuzingatia ni haya:

- Mweleze mapema programu inakusanya taarifa gani, zinakwenda wapi, na nani anaziona. Hii si hisani. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za afya ya mtu ni nyeti, usizichezee.

- Usimwulize kama ana virusi vya UKIMWI au ugonjwa wowote. Mpe majina ya mfano: "Dawa A", "Dawa B". Mlio wa simu unaweza kujaribiwa bila kujua nani anaumwa nini.

- Aliye kwenye dawa kweli aendelee na njia yake ya kila siku, iwe ni saa ya mezani, dada wa kumkumbusha, au muziki wa taarifa ya habari. Asiitegemee programu ambayo bado inajaribiwa.

- Kama ana umri chini ya miaka 18, mzazi au mlezi akubali kwanza.

Na utawapata wapi? Usichukue washikaji wako peke yao. Mshikaji atakwambia "Bomba!" hata kama hajaifungua. Tafuta mchanganyiko: mwanafunzi, mama lishe, dereva wa bodaboda, bibi anayetumia simu ya mjukuu, na muuguzi mmoja wa kituo cha afya.

Tena usiwaulize "Mmeipenda?" Swali hilo linaleta sifa tu. Wape kazi. Mwambie mtu: "Weka dawa ya saa 2 usiku, kesho uniambie nini kilitokea." Kisha nunua daftari, piga mistari mitano: tarehe, aina ya simu, alichofanya, kilichotokea, tulichobadilisha. Utaona baadaye daftari hilo lina thamani gani.

Maduka yanasemaje?

Maduka makubwa ya programu ni mawili. App Store la kampuni ya Apple, kwa wenye iPhone, lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu 500. La Google lilifunguliwa Oktoba mwaka huohuo kwa jina la Android Market, na mwaka 2012 likaitwa Google Play. Kwa kawaida Apple wanatoza dola 99 kila mwaka, na Google dola 25 mara moja tu.

Yote mawili yana njia ya kufanyia majaribio kabla ya kutoka. Kwa Apple inaitwa TestFlight. Unaweza kuwapa toleo la majaribio watu 100 wa timu yako na watu wa nje hadi 10,000. Kila toleo linaishi siku 90, halafu linakufa. Na usidhani huko hakuna ukaguzi. Toleo la kwanza linalokwenda kwa watu wa nje linakaguliwa nalo.

Kwa Google kuna majaribio ya ndani, ya watu wasiozidi 100. Baada yake kuna ya kundi maalumu, na mwisho ya wazi kwa yeyote. Kama una akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023, kuna sharti. Kundi lako maalumu lazima liwe na watu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Sharti lilipoanza lilitaka watu 20, likapunguzwa kuwa 12 Desemba 2024. Zikitimia siku hizo ndipo unaomba ruhusa ya kutoka. Utaulizwa: uliwapataje hao watu? Walisema nini? Ulibadilisha nini? Sasa unaliona lile daftari lilivyo dhahabu?

Wapo watu mtandaoni wanaouza "wajaribu 12" kwa pesa. Ni kweli watajiunga, na siku 14 zitatimia. Lakini hawatakuambia kwamba simu ililia saa 8 usiku, wala kwamba mjomba alisoma kioo. Umelipa pesa ili usijue.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wengi wanakutana nalo wakiwa wamechelewa. Google wanataka programu za kitabibu ziwekwe dukani na akaunti ya taasisi iliyosajiliwa, si ya mtu binafsi. Apple nao wanataka programu za maeneo nyeti kama huduma za afya ziletwe na taasisi inayotambulika kisheria. Kwa hiyo kikundi chenu kisichosajiliwa kitahitaji mwenyeji: hospitali, chuo au shirika. Wafuateni mapema, kabla hamjaandika mstari wa kwanza. Faida yake si karatasi tu. Mkiwa na mwenyeji wa kweli, mnapata pia muuguzi wa kuwasomea maneno yenu.

Akaunti ya taasisi haibanwi na lile sharti la watu 12 kwa siku 14. Je, mruke majaribio? Hapana bwana! Sharti limeondoka, sababu yake imebaki. Mgonjwa atakayelala bila kumeza dawa hatauliza akaunti yenu ilikuwa ya aina gani.

Mkaguzi anaangalia nini?

Sasa mmeipeleka. Apple wanasema programu 9 kati ya 10 zinakaguliwa ndani ya saa 24. Google wanakwambia inaweza kuchukua hadi siku 7, na mara nyingine zaidi. Kwa hiyo usitangaze "inatoka Jumamosi" kama umeipeleka Ijumaa.

Wanaangalia mambo mengi, lakini haya ndiyo yanayowakwamisha wengi:

Imekamilika? Apple hawapokei dukani kitu kinachojiita beta au jaribio. Ondoa maneno "toleo la majaribio", ondoa kurasa tupu zenye "inakuja hivi karibuni", ondoa vitufe visivyofanya kazi.

Mkaguzi anaweza kuingia? Wengi wanakwama hapa. Programu yenu inamtumia mtu namba ya siri kwa ujumbe wa simu. Mkaguzi yuko nchi nyingine, hana laini ya kwetu. Hapati ujumbe, haingii, anaikataa. Mtengenezee akaunti ya mfano yenye neno la siri lisilohitaji ujumbe, na umwandikie maelezo mafupi ya hatua kwa hatua. Kama programu ni ya Kiswahili, maelezo hayo yaandike kwa Kiingereza.

Maelezo yake ni ya kweli? Ukiandika "inatibu", "inapima", "inaponya", ujue utaulizwa. Programu yenu inakumbusha. Andika hivyo hivyo: inakumbusha. Na picha za dukani zionyeshe kilichomo ndani, si ndoto zenu za mwaka ujao.

Siri za watu zinalindwa? Lazima kuwe na sera ya faragha. Apple tangu Desemba 2020, na Google tangu Julai 2022, wanakutaka useme wazi dukani programu inakusanya taarifa gani. Pia kama mtu anaweza kufungua akaunti ndani ya programu, lazima aweze kuifuta humohumo. Apple walianza kulisimamia hilo Juni 30, 2022, na Google nao wanalitaka.

Hapo kwenye siri usijibu kwa kubahatisha. Januari 2021 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza makubaliano na Flo, programu ya kufuatilia hedhi iliyotumiwa na zaidi ya watu milioni 100. Tume ilidai kwamba programu iliwaahidi wanawake siri, huku taarifa zao zikipelekwa kwa kampuni nyingine, zikiwemo Facebook na Google. Mara nyingi taarifa zinatoka kupitia vipande vya programu vilivyotengenezwa na wengine, ambavyo ninyi mmeviunganisha tu ili kuhesabu watumiaji. Kabla ya kuandika "hatumpi mtu yeyote taarifa zako", kagua kila kipande kimoja kimoja.

Je, inaingilia kazi ya daktari? Google wana fomu maalumu ya kueleza mambo ya afya yaliyomo kwenye programu. Apple wanataka programu za tiba zimkumbushe mtu kumwona daktari kabla ya kuamua jambo. Hawaruhusu programu inayodai kupima shinikizo la damu, sukari, joto la mwili au oksijeni kwa kutumia vifaa vya simu peke yake. Na vikokotoo vya dozi vinatakiwa vitoke kwa watengenezaji wa dawa, hospitali, vyuo vikuu, kampuni za bima ya afya, maduka ya dawa, au viwe vimeidhinishwa na mamlaka kama ile ya dawa ya Marekani. Kwa hiyo mwenzenu akisema usiku wa mwisho, "Tuongeze na kikokotoo cha dozi ya mtoto kwa uzito!", mwambieni akapumzike.

Ukipigwa chini

Kukataliwa si mwisho wa dunia. Programu nyingi nzuri zimekataliwa mara ya kwanza. Utapata ujumbe unaotaja kanuni uliyoikiuka. Usome mara mbili, tena ukiwa umetulia.

- Kama mkaguzi ana haki, rekebisha, halafu peleka tena ukieleza ulichobadilisha.
- Kama hajaelewa, mjibu kwa adabu, ukiweka picha au video fupi ya kuonyesha.
- Kama unaona ameonea, maduka yote mawili yana njia ya kukata rufaa.
- Usipeleke kitu kilekile bila kubadilisha ukitumaini utampata mkaguzi mwingine. Na usifungue akaunti ya pili ili kukwepa, unaweza kufungiwa zote.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana linasahaulika sana. Kila ukirekebisha ili kumridhisha mkaguzi, umetengeneza toleo ambalo hakuna aliyelijaribu. Tuseme umeambiwa uongeze kitufe cha kufuta akaunti. Unakiweka usiku, asubuhi unapeleka, mchana inapita. Furaha! Je, uliangalia kama kitufe hicho kikiguswa kwa bahati mbaya kinafuta na saa zote za dawa? Rudisha toleo jipya kwa wajaribu wako, hata kwa siku chache, kabla halijaenda kwa umma.

Kupita si kupona

Labda unajiuliza: kama maduka yanakagua namna hiyo, si basi programu ikipita ni salama? Hebu sikia kisa hiki cha kweli.

Juni 2014 ilitoka kwenye App Store programu iliyoitwa Instant Blood Pressure. Unaweka kidole kwenye kamera, unaweka simu kifuani, inakupa namba za shinikizo la damu. Hakuna mkanda wa mkono, hakuna foleni hospitalini. Watu waliinunua kwa wingi. Ilikaa dukani zaidi ya mwaka mmoja, ikaondolewa Julai 2015.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuipima kwa watu 85 katika jarida la JAMA Internal Medicine. Karibu watu 8 kati ya kila 10 wenye shinikizo la juu waliambiwa na programu hiyo kwamba hawana shinikizo la juu. Hebu fikiria. Baba anaumwa kichwa, anaweka simu kifuani, anaambiwa yuko fiti. Anaahirisha kwenda hospitali. Shinikizo la damu halina haraka ya kujionyesha, linaweza kusubiri mpaka siku ya kiharusi.

Desemba 2016 FTC ilifikia makubaliano na kampuni iliyoitengeneza, ikaizuia kutoa madai kama hayo bila ushahidi wa kisayansi. Tume ilidai pia kwamba miongoni mwa waliyoipa programu hiyo nyota 5 dukani alikuwamo mkuu wa kampuni yenyewe!

Programu hiyo ilikuwa imepita ukaguzi wa duka. Mkaguzi anaangalia kama programu inafunguka na kama imefuata kanuni. Hawezi kukaa na wagonjwa 85 na kipimo cha mkononi. Kazi hiyo ni ya mwenye programu, na wakati wa kuifanya ni kipindi cha majaribio, kabla ya kuipeleka dukani.

Kwa hiyo kuna ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya duka, nayo unaipata kwa kufuata kanuni zao. Ya pili ni ya kwenu wenyewe, na inatakiwa iwe ngumu kuliko ya duka. Kaeni chini mapema, kabla hamjachoka na kabla pesa haijaisha, muandike: "Kasoro hizi zikiwepo hatutoi, hata duka likiruhusu." Kwa programu ya dawa, orodha yenu inaweza kuanza na kulia saa isiyo sahihi, kutolia kabisa, na kuonyesha jina la dawa kwenye kioo kilichofungwa. Mpeni muuguzi wenu haki ya kusema "hapana", na hapana yake iwe hapana.

Baada ya kutoka

Msilale. Wekeni njia ya watu kuwafikia, na mtu wa kujibu. Mkitoa matoleo mapya, msiwape watu wote kwa mpigo. Google wanakuruhusu kuanza na asilimia ndogo ya watumiaji. Apple wana utaratibu wa siku 7 unaoanza na asilimia 1 na kuishia 100. Mkiona kasoro siku ya pili, mnasimamisha kabla haijawafikia wengi.

Maswali yanayoulizwa sana

Swali: Wajaribu wetu wote wanasema programu haina tatizo. Tuipeleke?
Jibu: Angalieni daftari kwanza. Waliitumia kweli, siku ngapi, kwenye simu za aina gani? Watu 12 wenye simu zinazofanana ni kama mtu mmoja tu. Na kama hakuna aliyelalamika hata kidogo, huenda hawajaifungua.

Swali: Tumegundua kasoro siku ya 13, na tumeshaahidi tarehe ya kutoka. Tufanyeje?
Jibu: Ipimeni kwa orodha yenu. Kama ni rangi ya kitufe, endeleeni, mtarekebisha baadaye. Kama ni mlio wa dawa, ahirisheni. Watu wanasamehe programu iliyochelewa wiki 2.

Swali: Tunaweza kuwaomba ndugu watupe nyota 5 ili tuonekane?
Jibu: Hapana. Maduka yanakataza nyota za kupanga. Halafu mgonjwa anayechagua programu anaziamini nyota hizo. Ukimdanganya hapo, umemdanganya kwenye afya yake.

Jipime!

Kabla hujabonyeza kitufe cha kupeleka, jibu NDIYO au HAPANA:

1. Mtu ambaye hakuitengeneza ameitumia kwa siku 14 kwenye simu yake?
2. Imejaribiwa kwenye simu ya bei nafuu, betri ikiwa chini na bila mtandao?
3. "Saa 2 usiku" ni saa 2 usiku ya kwetu?
4. Mtu mwingine akiona kioo cha simu, siri inabaki siri?
5. Muuguzi, mfamasia au daktari amesoma kila neno?
6. Mnajua kila mahali taarifa za mtumiaji zinapokwenda?
7. Mkaguzi anaweza kuingia bila laini ya simu ya hapa kwetu?
8. Toleo mnalopeleka ndilo lililojaribiwa, si la jana usiku?

Kama zote ni NDIYO, hongereni, pelekeni. Kama kuna HAPANA moja, mnajua kazi ya wiki hii. Na kama HAPANA hiyo iko kwenye namba 3, 4 au 5, msiipeleke hata kama mna uhakika itapita.